Bundi Begani pa Mama Mdogo

Lulindi,
9 Februari 2023

Mwanangu Winfrida,

Habari za Newala na ukungu wenu. Huku hatujambo. Mvua imenyesha mpaka mahindi ya bondeni yamelala, ila mbaazi zimesimama vizuri. Jogoo niliyemwahidi Kasiani ameliwa na kicheche, kwa hiyo mwambie mwanao asimsubiri. Masikio yangu ni yale yale. Jumapili Ladislaus alinipigia simu kutoka Masasi, akapaza sauti mpaka majirani wote wakajua mke wake anaumwa jino. Mimi mamaye sikuambulia kitu. Meseji nazo maandishi yake ni kama sisimizi. Ndiyo maana naandika, na barua nampa Safari, dereva wa Hiace, akufikishie mlangoni.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita mwalimu anayetunza maktaba ya shule alipita kwangu na kitabu kipya cha hadithi, kinaitwa Bibi wa Ungo. Akasema, "Mama Ladislaus, hili jalada si amechora binti yako?" Nikafurahi. Nikafuta mikono, nikakipokea. Nikamwona mchawi amekaa kwenye ungo, bundi begani, na mchawi huyo ni mimi.

Sisemi amefanana na mimi. Ni mimi. Jicho la kushoto limelala kama langu. Kidevu changu. Kitambaa cha kichwani kimefungwa fundo mbele, kama ninavyofunga mimi kwa sababu bega la kulia haliinuki. Mwalimu alipoona nalikodolea jalada macho akasema labda ni bahati tu, akaondoka bila kumaliza chai.

Watoto bombani wameanza kuniita Bibi wa Ungo. Mimi, niliyewapokea wengi wao kwa mikono hii nikiwa bado nesi wa wodi ya wazazi.

Nijibu neno moja tu. Ni mimi au si mimi?

Mama yako mdogo,
Bibiana


Newala,
14 Machi 2023

Mama mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Gari la Safari lilikaa gereji, halafu nikapata kazi ya jarida la watoto, zile kazi ambazo mtu anakuletea leo naye alizitaka jana. Kasiani hajambo. Alilia kidogo kwa ajili ya jogoo, kisha akamchora akiwa tumboni mwa kicheche, kwa hiyo nadhani amepoa. Maji bado ni ya kusubiri foleni na madumu.

Kuhusu jalada. Mama mdogo, mchoraji hachori mtu. Anachukua pua kwa huyu, kidevu kwa yule, anachanganya kama mboga. Kila ninapochora sura, yupo mtu hapa Newala anayesema ni yeye. Mwaka juzi nilichora mbuzi aliyevaa koti kwa ajili ya jarida la kilimo. Kuna fundi cherehani sokoni hasalimiani nami mpaka leo.

Na hujui jalada lile lilivyonitesa. Mhariri yuko Dar es Salaam, bundi hajawahi kumwona ila kwenye simu. Kwanza akasema bundi wangu ni mpole mno. Nikamkunja uso. Akasema sasa anafanana na mwanasheria. Nikambadilisha macho, akataka yale ya mwanzo, ambayo nilikuwa nimeshayafuta. Halafu ungo nao akataka uwe wa kisasa. Mama mdogo, umepepeta maisha yako yote, niambie ungo wa kisasa ukoje. Nilipomalizana na hayo, bibi mwenyewe nilimchora haraka tu, bila kufikiria.

Watoto watasahau. Watoto husahau kila kitu isipokuwa kula.

Mwanao,
Winfrida


Lulindi,
12 Aprili 2023

Mama Kasiani,

Marahaba. Pasaka tumesali. Kwaya imeimba, mimi niliona midomo. Nilichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, nikala peke yangu, maana Ladislaus hakuja, alikuwa na mke wake na lile jino.

Nilikuuliza neno moja, umenijibu kurasa mbili za bundi. Bundi simjui na hanihusu. Mhariri wako simjui na hanihusu. Nikikuuliza njia ya kwenda Chiwata utanieleza habari za mtengeneza matairi.

Unasema pua ya huyu na kidevu cha yule. Basi huyo mwingine mwenye jicho lililolala na fundo mbele anakaa wapi, nikamsalimie. Krismasi ya mwaka juzi ulikaa jikoni kwangu na daftari lako la michoro magotini, mimi napepeta mbaazi. Nikakuuliza, "Unachora nini?" Ukasema, "Kuku." Kuku gani wangu anafunga kitambaa?

Mengine yote ni mazuri. Julia, mke wa kijana wa jirani, yule mjamzito tuliyekubaliana nimsindikize hospitali siku zikifika, ameona afadhali aende na mama mkwe wake. Ni sawa. Mama mkwe naye ni mtu mzima. Bati la jikoni limetoboka, sijui kwa nini. Nitaliziba.

Usiniandikie tena habari za mhariri.

Bibiana


Newala,
20 Mei 2023

Mama mdogo, shikamoo.

Baridi imeanza. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani na karatasi zangu zinalegea kama chapati. Kasiani ana kikohozi, hataki soksi.

Haya. Jicho ni lako. Jicho tu, na labda lile fundo.

Lakini na wewe nifikirie mimi. Leo jarida la afya linataka mama anayenyonyesha, kesho kitabu cha hesabu kinataka wavulana wanaogawana maembe, keshokutwa mtu anataka jalada la riwaya ya mapenzi na hajui hata wapenzi wenyewe ni wanene au wembamba. Watu wote hao niwatoe wapi? Nyuso ninazozijua kwa moyo ni chache, na tangu mama alipofariki ukanichukua, wako ndio niliokaa nao mezani kila siku. Umeshakuwa nesi kwenye bango la chanjo. Umeshakuwa muuza samaki. Umeshakuwa malkia mwenye taji. Ulipokuwa malkia hukulalamika.

Nimewaandikia wachapishaji wabadilishe jalada. Wamejibu kwamba kitabu kinapendwa kwa sababu ya jalada hilo hilo. Kuna mengine walishasema kabla, lakini si ya leo.

Habari ya Julia sikuielewa. Mtu ana haki ya kwenda na mama mkwe wake, sasa ubaya uko wapi? Na hilo bati usipande mwenyewe, mwite Ladislaus.

Mwanao,
Winfrida


Masasi,
17 Juni 2023

Winfrida,

Marahaba. Mpe mtoto asali na ndimu, na soksi umvalishe, usimwombe.

Huku kwa Ladislaus tunaendelea vizuri. Mkewe jino limeng'olewa. Anapika vizuri, ila mafuta anayamwaga kama si yake. Wajukuu wamenionyesha pa kubonyeza televisheni. Naiangalia bila sauti, na sidhani kama nakosa kitu.

Nimekuja kupumzika kidogo. Kuku nimewagawa. Mbaazi zitajivuna zenyewe.

Huyo malkia sikumlalamikia kwa sababu hukuniletea hicho kitabu nikamwona. Wa taji ulimficha, wa bundi ukampeleka mpaka shuleni.

Usimpe Safari barua ya Lulindi, hatanikuta. Na usiulize maswali.

Bibiana


Newala,
2 Julai 2023

Mama mdogo, shikamoo.

Habari za baridi sitaandika.

Umegawa kuku. Wewe, uliyewahi kuondoka msibani kabla ya maziko kwa sababu ulikumbuka hukufunga banda. Niliposoma hapo nikaweka barua chini nikampigia Ladislaus. Alijaribu kuniambia habari za jino. Nikamkatiza, naye akasema yote.

Kumbe mtoto wa jirani mwingine alipata degedege, na mama yake akasema ulimgusa kichwani asubuhi ile. Mtoto alipelekwa hospitali, akapona. Maneno hayakupona. Kumbe bati halikutoboka lenyewe, lilikuwa linatupiwa mawe. Kumbe mtu alichana jalada langu akalibandika mlangoni kwako, na Ladislaus alipofika na pikipiki alikukuta umekaa kitandani, mlango umeufunga kwa kuuegemezea kinu.

Na wewe ukaniandikia, "Bati limetoboka, sijui kwa nini." Ukaniandikia, "Ni sawa, mama mkwe naye ni mtu mzima." Mama mdogo, ulitaka nielewe nini kwenye hayo? Nimekasirika, na sijui nianze kumkasirikia nani, wewe, wao au mimi.

Uliuliza neno moja mwezi wa pili. Ni wewe. Jicho, kidevu, fundo, vyote. Siku ile jikoni ulikuwa umemkunjia uso paka aliyekaribia mbaazi, na ule uso ulikuwa mzuri kuuchora kiasi kwamba nilisahau ni wako. Mhariri aliposema anataka bibi anayetisha, nilifungua daftari nikauhamisha kama ulivyo. Sikuongeza hata mstari.

Na yale mengine niliyosema si ya leo ni haya. Wanataka kitabu cha pili, chenye bibi yule yule. Nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nachora ungo wake barua yako ya Pasaka ilipofika, na bado niliendelea kuchora. Juzi nimewaambia siwezi. Wamesema hakuna neno, watampa mchoraji mwingine aunakili uso. Kwa hiyo nikubali nikatae, wewe utaruka.

Nakwenda Lulindi.

Winfrida


Masasi,
8 Julai 2023

Winfrida,

Marahaba. Usiende.

Utawaambia nini? Kwamba Bibiana si mchawi? Ukimwambia mtu fulani si mchawi, wasikilizaji wanaondoka na neno la mwisho tu. Katekista Yeremia alinitetea kanisani kwa moyo wake mwema, akasimama mbele akasema tusimsingizie mama huyu. Waliokuwa hawajasikia, siku hiyo wakasikia.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu nakujua. Ungekuja na machozi yako ukasimama uwanjani, na mimi ningeacha mambo yangu nianze kukubembeleza wewe. Nilikuwa sina nafasi hiyo.

Mawe sikuyajali sana. Kiziwi ana faida zake, mengi sikuyasikia yakitua. Kilichonichoma ni Julia. Yule nilimpokea mwenyewe. Mama yake alikuwa ameshakata tamaa, anasema, "Niache nife, dada." Nikamkunjia uso huu huu nikamfokea mpaka akasukuma, na Julia akatoka. Nina uso wa kutisha, sikatai. Siku kama ile uso mpole haumsaidii mtu. Sasa binti huyo huyo anauona kwenye karatasi anashika tumbo lake kama nitaliiba.

Umenikera mwaka huu kuliko nilivyowahi kukerwa na mtu niliyemlea. Baki Newala, umlee mwanao.

Bibiana


Newala,
30 Julai 2023

Mama mdogo, shikamoo.

Nilikwenda.

Usiitupe barua kabla hujamaliza. Sikusimama uwanjani, na neno lile ulilonikataza sikulisema.

Nilimwomba mwalimu mkuu kipindi cha kuchora, akanipa. Nikawauliza watoto, "Nani anataka nimchore kama kwenye jalada la kitabu?" Darasa zima likanyoosha mikono. Nikawachora mmoja mmoja kwa mkaa, harakaharaka, kila mtoto na uso wake, kila mtoto na ungo wake na bundi begani. Walifurahi mno. Mmoja alitaka bundi wawili, nikampa. Waliposikia kengele wakakimbia nyumbani na karatasi zao.

Sikuwa nimemaliza kukusanya vitu vyangu wazazi walipoanza kuingia. Mbele alikuwa mama wa yule mtoto wa degedege, ameshika karatasi ya binti yake mkubwa.

"Nani amemchora mwanangu mchawi?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu ni mchawi?"

"Hapana. Ni karatasi na mkaa. Nimemwekea bundi begani, basi."

"Umwondoe."

"Nitamwondoa. Na yule aliyebandikwa mlangoni kwa mama yangu mdogo, bundi wake nani atamwondoa?"

Akanitazama. Mama mdogo, nilikuwa naogopa. Halafu baba mmoja nyuma akacheka, akamwonyesha mwenzake karatasi ya mtoto wake, akasema, "Huyu wangu hata kuamka asubuhi hawezi, aruke saa ngapi?" Wachache wakacheka naye. Si wote. Mzee mmoja alichana karatasi vipande vidogo, akaniambia ukoo wetu wote ni wa namna moja.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja akanipeleka ofisini, akanisema mpaka jioni kwamba nimekuja kuchafua amani. Nilimjibu kwamba amani hiyo ilikuwa inatua juu ya bati la mjane kila magharibi, naye alikuwa anaisikia. Baadaye akauliza kama naweza kumchora mtu bila bundi. Nikamchora yeye. Aliitazama karatasi muda mrefu, akasema, "Nimenenepa hivi?" Kisha akasema atawaita wazazi wa vijana waliotupa mawe, anawajua kwa majina. Kumbe siku zote alikuwa anawajua.

Mama wa yule mtoto hakuniomba radhi. Ila karatasi yake hakuichana. Aliikunja akaondoka nayo.

Nikiwa nasubiri gari, Julia alisimama mlangoni kwao. Ana tumbo kubwa, anapumua kwa shida. Akaniuliza, "Bibi anarudi lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Siku zangu ni Agosti," akaingia ndani.

Nimekuvunjia neno lako. Nikemee, ila kula vizuri.

Mwanao,
Winfrida


Lulindi,
27 Agosti 2023

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Nilikuambia usiende, ukaenda. Hilo liko pale pale na bado tutalizungumza. Ungeweza kupigwa. Kasiani angeletwa kwangu, nianze upya kulea mtoto mwenye kiburi cha soksi.

Nimerudi. Ladislaus amebadilisha bati. Kuku wawili wamerudishwa. Wengine nimeambiwa walikufa, nami nawaona wakitembea kwenye nyua za watu, wamenenepa kwa kifo hicho. Mbaazi zimevunwa nusu na sijui nani.

Julia amejifungua mtoto wa kike. Ilikuwa hivi. Nilikuwa nafagia, gari walilokodi likapita na mama mkwe na Julia ndani, likasimama mlangoni kwangu. Hakuna aliyeniambia panda. Mlango ulifunguliwa tu, ukabaki wazi. Nikaweka ufagio, nikapanda. Mama mkwe alitazama dirishani mpaka tunafika.

Hospitali mambo yakawa marefu. Julia akaanza kulia kwamba hawezi tena. Nilimsoma midomo, ni maneno ya mama yake. Mama mkwe amemshika mkono, anamwambia pole, pole. Nikaenda miguuni pa kitanda nikamkunjia uso. Nesi kijana aliyekuwa karibu yangu alirudi nyuma. Julia akanitazama, akasukuma. Mtoto ana nywele nyingi na hasira. Wamemwita Bibiana, ingawa mama mkwe alitaka jina lingine na sasa ananuna.

Usidhani yamekwisha. Mama wa yule mtoto wa degedege bado hajanisalimia, akiniona anavuka barabara. Mwache avuke. Mwenyekiti aliwaleta vijana wale wakasema samahani huku wanatazama ndala zao. Nimewapa kazi ya kunichimbia choo.

Kitabu cha pili chora wewe. Wakimpa mwingine atanitia pua isiyo yangu, na hilo sitalivumilia. Lakini safari hii uje unikalishe kwenye kiti kama mtu, nikiwa nimechana nywele, na nikikuuliza unachora nini usinitajie kuku.

Mke wa Ladislaus alinipeleka kupimwa macho, nimepata miwani. Juzi nilimwomba mwalimu kile kitabu nikakitazama kwa utulivu. Nilitafuta kosa, Winfrida, nilitafuta kweli. Sikuliona. Mwanamke yule anatisha na mtu hawezi kuacha kumtazama. Ni kazi nzuri, na hicho ndicho kinachoniudhi kuliko vyote.

Mwalimu ameniachia kile kitabu. Nimekiweka mezani sebuleni, jalada juu. Mgeni akiingia akione kwanza, halafu anitazame mimi, tulimalize kabla sijamimina chai.

Mama yako,
Bibiana